Mama hakukataa chanjo, alikukimbia wewe

Juzi usiku, mikono ikinuka vitunguu, nilifungua ujumbe wa muuguzi mmoja kijana aliyepangiwa zahanati ya huko ndani kabisa. Salamu ndefu, shikamoo mbili, halafu hivi: "Dada, dozi ya pili ya chanjo ya surua imenishinda. Ya kwanza wanakuja, ya pili siwaoni. Mratibu wa chanjo wa wilaya ameshaniandikia barua. Nimehubiri mpaka sauti imekauka. Kina mama wa huku hawaelewi."

Hiyo sentensi ya mwisho niliirudia mara tatu. Niliwahi kuiandika mimi mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, kwenye taarifa ya mwezi: "Kina mama wa eneo hili hawana mwamko." Mganga mfawidhi akagonga muhuri, taarifa ikaenda wilayani, na hakuna aliyeniuliza nimejuaje.

Nakujibu hapa, mdogo wangu, kwa sababu najua hauko peke yako. Wengi mnaonisoma ni wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, au watu wa miradi, na sote tuna ugonjwa mmoja: tunataka ule mstari wa grafu ya chanjo iliyobandikwa ukutani uwe umepanda kabla mgeni wa mkoa hajafika.

Miaka ile nilikuwa najiona mwalimu. Kila Jumatano, kabla ya kupima uzito, kina mama wamebanana kwenye benchi na watoto wanalilia ziwa, mimi nasimama mbele na somo langu. Surua, pepopunda, kifaduro, dondakoo, vyote nilivimudu kichwani kama sura ya Kurani. Nilikuwa na picha kubwa ya mtoto mwenye surua, macho yamevimba, uso umejaa vipele. Nilipoiinua, mama mmoja wa mbele alivuta kanga akamfunika mwanawe uso. Nikasema moyoni, leo ujumbe umefika.

Haukufika popote. Robo ile watoto waliokatisha chanjo waliongezeka.

Baadaye sana, nikiwa nimeshaondoka pale, nilisoma utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014, wa Brendan Nyhan na wenzake. Walijaribu aina nne za ujumbe kwa wazazi zaidi ya 1,700 kuhusu chanjo ya surua. Hakuna hata moja iliyoongeza nia ya kuchanja. Picha za watoto wagonjwa ziliwafanya baadhi ya wazazi wazidi kuamini kwamba chanjo inaleta usonji. Nilifunga simu nikaikumbuka ile kanga. Yule mama alikuwa anamkinga mwanawe na kitu kibaya, na kitu chenyewe kilikuwa mkononi mwangu.

Siku iliyonigeuza haikuwa ya semina. Nilitumwa na bodaboda kuwatafuta watoto waliokatisha, orodha mkononi, jua la saa saba. Nyumba ya nne nikamkuta mama anakaanga karanga kwa mchanga kwenye karai kubwa. Hakuinuka. Alinikaribisha kigoda, akaendelea kukoroga, maana ukiacha zinaungua. Nikaanza somo langu. Aliniacha nimalize, ndipo akasema, bila hasira hata kidogo:

"Chanjo naitaka, nesi. Ninyi ndio hamkuitaka siku ile."

Nikamwomba anieleze. Alikuja mara ya kwanza, akaambiwa watoto hawajatosha, arudi Jumatano ijayo. Alirudi, lakini alipita kwanza kupeleka karanga kwa mteja, akafika saa tano. Muuguzi akamuuliza mbele za watu kama alikuwa bado amelala na mumewe. Benchi zima likacheka. Kadi yake ilikuwa imelowa mvua, kadi mpya hazikuwepo, akaambiwa akanunue daftari. Akanunua. Foleni ilipomfikia, chupa ilikuwa imeshamwagwa.

"Muuguzi gani?" nikauliza.

Akaniangalia tu. Mwiko ukaendelea kuzunguka kwenye karai. Karanga zake alikuwa anazifunga kwenye koni za karatasi yenye mistari, na daftari lenyewe sikuthubutu kuliulizia.

Wasio wa fani hii pengine hawajui hiyo habari ya chupa, na ndipo penye fumbo lenyewe. Chanjo ya surua rubela huja ikiwa unga. Unaichanganya na kiyeyushio chake, na chupa ya dozi kumi ikishachanganywa ina saa sita tu za kuishi, baada ya hapo unaimwaga hata kama umetoa dozi moja. Sasa dozi tisa zikimwagwa, utaulizwa. Mtoto mmoja akirudishwa nyumbani bila sindano, hakuna atakayekuuliza, maana hakuna fomu ya mtoto aliyerudishwa. Basi tukawa tunalinda chupa. Tunamwambia mama "njoo wiki ijayo" kama vile wiki ijayo iko hapo nje mlangoni, kumbe kwake ni nauli, ni siku nzima bila biashara, ni kumwomba wifi amwangalizie wakubwa.

Niliporudi zahanati nilifanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya kwa miaka sita ya kazi. Niliwauliza. Si mbele ya benchi, mmoja mmoja, nje kwenye mwembe. "Mara ya mwisho ulipokuja hapa, ilikuwaje?" Basi. Hakukuwa na mtu hata mmoja aliyeniambia chanjo ni njama za wazungu. Nilikuwa nimejiandaa kubishana na njama, nikakosa wa kubishana naye. Nilisikia habari za mtoto aliyechemka usiku kucha baada ya sindano ya wiki sita, mama mkwe akasema "umeyataka mwenyewe", na muuguzi hakuwa amemwambia kwamba homa kidogo huja na hupita. Nilisikia habari za nguo: mtoto hana nguo ya kuonekana nayo mbele za watu. Na nilisikia ulimi wangu, mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Lakini jibu la surua ya pili lilikuwa neno moja. Mama mmoja alisema, akishangaa kwamba namsumbua: "Si mliniambia amemaliza?"

Ni kweli, tulisema. Kwa miaka mingi surua ilikuwa sindano moja ya miezi tisa, na ndiyo ilikuwa ya mwisho. Dozi ya pili, ya miezi 18, iliingia kwenye ratiba yetu ya Tanzania 2014, lakini midomo yetu haikubadilika. Mtoto akichomwa ya miezi tisa, unamrudishia mama kadi na kumwambia, "Hongera mama, amemaliza." Mimi nilikuwa nasema hivyo, tena kwa tabasamu, nikimtazama yuleyule ambaye baada ya miezi tisa mingine ningemwandika kwamba hana mwamko. Tangu siku ile nikabadilisha: "Bado moja." Na kwenye kadi naandika ile moja ni lini.

Hapo pa "lini" pana jambo. Chuo kikuu cha Yale, 1965, watafiti waliwatisha wanafunzi kuhusu pepopunda kwa maelezo makali. Waliotishwa tu, waliokwenda kuchanjwa walikuwa kama 3 kwa mia. Wengine walitishwa vilevile, ila wakapewa ramani ya kufika kliniki na kuambiwa wapange watakwenda saa ngapi. Walikwenda kama 28 kwa mia. Ramani ya chuo chao wenyewe, jamani, mahali wanapopita kila siku! Hofu haikuwasogeza. Kilichowasogeza ni kujua watapita wapi na lini.

Kwetu tarehe ya kwenye kadi haina maana kwa mtu ambaye wiki yake inahesabiwa kwa gulio. Kijijini kwetu gulio lilikuwa Alhamisi. Nikamwomba mganga mfawidhi tuhamishe siku ya surua kutoka Jumatano kwenda Alhamisi. Akakataa. Nikamwomba tena mwezi uliofuata, akasema nijaribu kwa miezi mitatu, lawama juu yangu. Kina mama wakaanza kupitia kliniki wakitoka au wakienda sokoni, wakawa wengi kwa siku moja, na kwa sababu ni wengi, chupa ikafunguliwa bila mtu kuumwa tumbo. Kwenye kadi nikawa naandika "Alhamisi ya gulio" na jina la mwezi, halafu namuuliza mama: siku hiyo meza yako atakaa nani? Akitaja jina, najua atakuja. Akisema "Mungu akipenda", najua bado hatujamaliza mazungumzo.

Mstari wa grafu ukapanda. Sitajifanya mnyenyekevu, ulipanda, na niliuchora mimi kwa rula.

Kisha ikaja kikao cha wilaya. Nilikaa nyuma na soda yangu ya moto, nikamsikiliza bosi wangu wa wakati huo akieleza "ubunifu tulioubuni ofisini" wa kuunganisha chanjo na siku za gulio. Alipigiwa makofi. Alipewa cheti. Hata kahawa ya mapumziko alikunywa kwa furaha. Hakuna aliyeuliza nani alikaa chini ya mwembe. Miaka imepita na bado nikiona cheti chenye fremu ya dhahabu, koo linanikaba. Nakwambia haya, mdogo wangu, ili ujue na hilo litakukuta. Weka daftari lako. Andika tarehe. Andika uliongea na nani na alisema nini, kwa maneno yake.

Najua sasa utaniuliza habari za kuwapa kina mama zawadi, maana kila ninapoandika mada hii kuna anayeuliza. Utafiti unaosifiwa ni wa Udaipur, Rajasthan, nchini India, wa Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao, uliochapishwa 2010. Vijiji 134. Ambako hakuna kilichobadilishwa, watoto waliokamilisha chanjo walikuwa 6 kwa mia. Ambako kuliwekwa kambi ya kila mwezi isiyokosa, 18. Ambako kambi ileile iliongezewa kilo ya dengu kwa kila chanjo, na seti ya sahani za chuma kwa anayekamilisha, 39. Watu wa miradi wakisoma hapo wanaona dengu tu. Mimi naona ile 18 kwanza: muuguzi kuwepo, siku iliyotajwa, bila visingizio. Hiyo peke yake iliwazidisha mara tatu. (Na dengu zenyewe zilishusha gharama kwa kila mtoto aliyekamilisha, kwa sababu muuguzi hakukaa kambini akipunga nzi.)

Sasa linganisha na Siaya, Kenya, matokeo ya 2017. Wazazi walitumiwa ujumbe wa kuwakumbusha kwa simu, wengine wakaongezewa shilingi 200 za Kenya kwa kila chanjo iliyopigwa kwa wakati. Waliokamilisha walikuwa 82 kwa mia bila kitu chochote, 86 kwa ujumbe mtupu, 90 kwa ujumbe na shilingi 200. Faida ipo, lakini Siaya walikuwa tayari wanachanja. Kikwazo cha Udaipur si cha Siaya, na cha Siaya si cha kwako. Sierra Leone walikuja na bangili: mtoto anavalishwa ya rangi moja, akifikia chanjo fulani anabadilishiwa rangi nyingine, majirani wote wanaona. Ilifanya kazi zaidi ilipofungwa kwenye chanjo ya mwisho, ile ambayo watu wenyewe waliiona ina uzito. Fedha ya bangili hata sisi hatukuwa nayo, ila nilikuwa na midomo ya wamama. Nikaanza kuwapongeza kwa sauti wanaoleta surua ya pili, mbele ya benchi lilelile nililozoea kuchekeshea watu.

Kwa hiyo ukiniuliza ufanye nini, nitakwambia uliza. Uliza kabla hujahubiri, na ukishauliza, nyamaza. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2022 wenye maswali yaliyokwishapangwa, kuanzia kama mzazi anataka mtoto apate chanjo zote, baadhi, au asipate kabisa, mpaka habari za nauli na saa za kliniki. Utumie kama unao. Kama huna, una mdomo. Uliza aliyekuja, na uliza hasa asiyekuja, nyumbani kwake, ukiwa umekaa kwenye kigoda chake. Usiende na picha. Usiende na sare ukiweza. Sisi tuliosoma tunapenda mno kufikiri kwamba mwenye njaa hajui chakula. Mama aliyebeba mtoto mgongoni kilomita saba amekwishakuonyesha anataka nini, na bado unataka kumfundisha kutaka!

Nimeanza kuhubiri tena. Mnanijua.

Barua ya mratibu ijibu wiki hii, usikae nayo kimya. Andika umetembelea nyumba ngapi, na ngapi walirudishwa kwa sababu chupa haikufunguliwa. Hiyo hesabu ya pili iweke juu kabisa. Halafu nitumie majibu ya kina mama watatu wa kwanza utakaowauliza, kama walivyosema, usiyasafishe. Nipigie baada ya saa kumi, lakini si Alhamisi.