Maswali Yenu: Qur'an, Sayansi na Furu wa Ziwani

Safari hii nimeupa ukurasa wote mada moja, maana meseji zilizoingia tangu toleo lililopita karibu zote zinarudi palepale, Qur'an na sayansi, na nyingi zimekuja na klipu juu. Nimechagua nne tu. Barua nimezifupisha na majina nimeyaficha, msije mkaanza kutafutana mitaani.

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Mi niko kidato cha tano, nachukua PCB (fizikia, kemia na baiolojia), hapahapa Ilemela. Ticha wa baiolojia anatufundisha mageuzi, kwamba viumbe vimebadilika taratibu kwa mamilioni ya miaka, nikienda madrasa ustadhi anasema hiyo ni kufru moja kwa moja. Afu kwenye grupu letu la WhatsApp kila siku watu wanatuma kwamba Qur'an ilishataja ule mlipuko mkubwa wa kuanza kwa ulimwengu kabla ya Wazungu. Sa mi nashindwa kuelewa, sayansi ni adui yetu au ni shahidi wetu? (Kijana wa Ilemela)

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu. Umeona kitu ambacho watu wazima wengi hatutaki kukiona, kwamba mtu yuleyule anayeilaani sayansi ikigusa mageuzi ndo huyohuyo anayeisambaza ikionekana kutupa sapoti. Hapo hakuna msimamo, hapo kuna ushabiki tu.

Tuanze na mlipuko. Aya wanayoituma ni ya 30 ya Suratul Anbiyaa, kwamba mbingu na ardhi zilikuwa zimeambatana kisha Allah akazitenganisha, na kila kilicho hai kikatokana na maji. Ukiisoma leo ukiwa na kitabu cha fizikia pembeni unaweza ukaruka kwa furaha. Lakini fungua tafsiri ya Ibn Kathir, aliyefariki Damascus mwaka 1373, utakuta kanukuu kauli ya Ibn Abbas, sahaba na binamu wa Mtume, kwamba mbingu ilikuwa imefunga hainyeshi na ardhi imefunga haioti, Allah akaifungua mbingu kwa mvua na ardhi kwa mimea. Karne na karne Waislamu wameielewa hivyo, wakafunga, wakaswali, wakafa na imani zao, hakuna aliyepungukiwa kitu kwa kutojua habari za mlipuko.

Na hizo nadharia zenyewe zina historia. Mwaka 1917 Einstein aliongeza namba kwenye hesabu zake makusudi ili ulimwengu ukae umetulia, usitanuke wala usisinyae, kwa sababu wakubwa wengi wa sayansi wakati ule waliamini umetulia. Mwaka 1927 akaja padri mmoja wa Ubelgiji, Georges Lemaître, akasema unatanuka, na 1929 Edwin Hubble akaonesha kwa vipimo vya darubini kwamba magalaksi, yale makundi makubwa ya nyota, kadiri yalivyo mbali ndivyo yanavyozidi kutukimbia. Sasa chukulia kuna sheikh mwaka 1917 alisimama mimbarini akatangaza kwamba aya fulani imethibitishwa na ulimwengu uliotulia wa Einstein, mwaka 1929 angeificha wapi sura yake? Kuifunga aya kwenye nadharia ni kufunga mtumbwi kwenye gugumaji, upepo ukigeuka gugu linaondoka na mtumbwi wako linao.

Mjadala wenyewe wala sio wa jana. Watu wanadhani umeanza na yule daktari Mfaransa, Maurice Bucaille, aliyetoa kitabu chake mwaka 1976, lakini Tantawi Jawhari wa Misri, aliyefariki 1940, alishaandika tafsiri ya majuzuu mengi imejaa wanyama, mimea na nyota. Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa miaka zaidi ya 900 iliyopita, alielekea upande wa kusema mizizi ya elimu zote imo ndani ya Qur'an. Na al-Shatibi wa Granada, aliyefariki 1388, akapinga, hoja yake ni kwamba Qur'an iliwashukia watu kwa elimu wanayoifahamu, hao waliopokea mwanzo hawakudai kwamba humo mna fizikia na tiba na hesabu zote, sasa sisi tumeyapata wapi? Kwaiyo pande zote mbili zina vilemba vizito, usitishwe na mtu anayekwambia ukikataa klipu yake umeikataa Qur'an. Mi niko na Shatibi, sifichi.

Sasa mageuzi, na hapa tukae kidogo maana wewe uko Mwanza na Mwanza ndo darasa lenyewe. Unawajua furu? Wale samaki wadogo ambao babu zetu walikula kabla sangara hajatawala. Ziwa letu hili la Victoria lina aina zaidi ya 500 za furu, au niseme lilikuwa nazo, na wataalamu wakichimba udongo wa chini ya ziwa wanaona kwamba lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita. Yani ukoo wote huo wenye aina mamia umechipuka ndani ya muda ambao kwa hesabu za miamba ni kama jana. Kuna furu wenye mataya ya kuvunjia konokono, kuna wanaokwangua ukijani kwenye mawe, kuna wengine kazi yao ni kula mayai na watoto wa wenzao tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuja hapa miaka ya 70 wakakaa wakiwahesabu, na mmoja wa furu wanaopatikana kwenye mawe ya ghuba yetu wakampa jina la Mwalimu Nyerere, kitaalamu anaitwa Pundamilia nyererei, dume lake lina wekundu na ndugu yake wa karibu dume lake ni la bluu. Majike wanachagua dume kwa rangi. Pale ambapo maji yamechafuka kwa matope na taka hawaoni rangi vizuri, wanachanganyana, aina mbili zinaanza kurudi kuwa moja. Hiyo imechunguzwa hapahapa, sio stori ya Ulaya. (Na sangara aliyeletwa miaka ya 50 akalipuka miaka ya 80 inakadiriwa alichangia kuwafuta kama aina 200, lakini hilo ni jeraha lingine, siku nyingine tutaliongea.)

Sasa nenda kwa ustadhi wako, kwa adabu kabisa, magoti chini, muulize ni aya ipi inasema furu hawezi kubadilika. Hakuna. Kinachowagonganisha Waislamu na mageuzi sio furu wala mjusi wala ndege, ni Adam, na hapo wanazuoni wa zama hizi wamegawanyika kweli. Wako wanaoikataa nadharia yote, wako wanaokubali viumbe vyote vimebadilika isipokuwa Adam ambaye kuumbwa kwake kwa udongo ni muujiza wa peke yake, na wako wachache wanaosoma hata kisa cha Adam kwa maana ya ndani zaidi. Mimi nakaa na hao wa katikati, kwa sababu Adam nimeambiwa na wahyi, yani ufunuo wa Allah, na habari za wahyi hazivuliwi kwa nyavu za watafiti wa samaki, lakini pia sina ruhusa ya kumwambia mtu kwamba nyayo za Laetoli, za viumbe wa kale waliotembea kwa miguu miwili, hazipo wakati zipo, zina umri wa miaka kama milioni 3.6 na zimekanyagwa kwenye majivu ya volkano hukohuko ukishavuka Serengeti. Huwezi kuzifukia kwa hotuba.

Kwenye mtihani andika ulichofundishwa na ushahidi wake. Kueleza nadharia vizuri sio kutoka kwenye dini, la sivyo kila mwalimu wa historia aliyefundisha habari za Firauni angekuwa mfuasi wake.

SWALI: Mwalimu za kazi. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, siku za giza yuko ziwani, mbalamwezi ikikolea anakaa nyumbani na ndo maneno yanaanza. Juzi kanionesha picha ya mwezi una ufa, anasema NASA wamekiri mwezi ulipasuka, afu yule Mmarekani wa kwanza kukanyaga mwezini alisikia adhana kule akasilimu. Watoto nao wameshaanza kusimulia shuleni. Ni kweli? (Mama Dagaa, Kirumba)

JIBU: Dada yangu, mumeo mwezi anaujua kuliko wengi wanaouhutubia, riziki yake iko humo. Ila hizo habari mbili sio za kweli.

Picha ile ni ya bonde linaloitwa Rima Ariadaeus, ilipigwa na safari ya Apollo 10 mwaka 1969. Urefu wake ni kama kilomita 300, na mwezi mzima ukiuzunguka unakaribia kilomita 11,000, kwaiyo huo ufa hauzunguki popote, ni bonde kama mabonde mengine ya huko. NASA hawajakiri kitu. Kuhusu Neil Armstrong, mwenyewe alikana, na mwaka 1983 serikali ya Marekani ikatuma taarifa kwa balozi zake kwamba hakusilimu, maana walikuwa wamechoka kuulizwa. Na mwezini hakuna hewa, bila hewa sauti haisafiri, hata muadhini awe na koo la namna gani.

Kupasuka kwa mwezi kumetajwa mwanzo wa Suratul Qamar na hadithi zake ziko Bukhari na Muslim. Anayeamini anaamini kama muujiza, na muujiza hauhitaji kuachiwa kovu ili sisi tulipige picha.

Lakini kuna kisa nataka umsomee mumeo mbalamwezi hii. Mtume (s.a.w.) alifiwa na mtoto wake mdogo Ibrahim pale Madina, na siku hiyohiyo jua likapatwa. Wanaokokotoa mienendo ya anga wanalipeleka tukio hilo Januari 632. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Angalia nafasi ilivyokuwa hapo, baba ana msiba, umma mzima uko tayari kuamini, angenyamaza tu wangepata muujiza wa bure. Hakunyamaza. Akawaambia jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Allah, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Sasa kama yeye mwenyewe aliukataa muujiza wa uongo siku ya msiba wake, sisi tunaoforward picha za bonde tunamfuata nani?

Ghazali naye aliandika jambo kama hilo, kwamba kupatwa kwa jua na mwezi kuna hesabu zilizothibiti, na anayezipinga akidhani anaitetea dini ndiye anayeiumiza zaidi. Watoto wako wakisimulia shuleni adhana ya mwezini, mwalimu akiwaonesha si kweli, hawataishia kuitilia shaka adhana hiyo tu.

SWALI: Nina sukari mwaka wa pili sasa, natumia vidonge. Jirani anauza mafuta ya habat soda, ananiambia niache vidonge maana hadithi imesema ni tiba ya kila ugonjwa isipokuwa mauti, nikiendelea na vidonge basi imani yangu ndogo. Naogopa. (Mama wa Buhongwa)

JIBU: Mama yangu, usiache vidonge. Hata siku moja.

Hadithi iko Bukhari, jirani hajaizua. Alichoruka ni kwamba wanachuoni wakubwa, kina al-Khattabi, walishaeleza zamani sana kwamba hilo neno la jumla limekusudiwa maradhi ya aina fulani, sio kwamba mtu atupe kila tiba nyingine. Na Mtume huyohuyo, sahaba wake Saad bin Abi Waqqas alipougua, alimwambia aende kwa Harith bin Kalada, mganga maarufu wa Waarabu wa wakati ule. Hakumwambia Saad imani yako ndogo. Ukitaka kunyunyiza habat soda kwenye mkate nyunyiza, ila mwambie daktari wako unachotumia, na sukari ipimwe tarehe zilezile ulizopangiwa. Halafu huyo jirani muulize, watoto wake wakishikwa na malaria anawapeleka wapi?

SWALI: Mwalimu, sisi tuko mwaloni kisiwani, tumejenga kimsikiti cha mabati, sasa ugomvi ni kibla. Mzee mmoja anasema mashariki kwa sababu Waislamu wote wanaelekea mashariki, vijana wana simu, kila simu inaonesha kwake. Tufanyeje? (Katibu wa msikiti, Ukerewe)

JIBU: Hili ndo swali nililolipenda kuliko yote, maana hapa ndipo dini na sayansi zilipokutana kweli bila klipu. Aya imesema elekezeni nyuso zenu Msikiti Mtukufu, haikutoa nyuzi wala ramani, watu wakalazimika kwenda kupima dunia. Al-Biruni, mtaalamu wa nyota na hesabu wa zamani, aliandika kitabu kizima cha kupima mahali miji ilipo na lengo mojawapo likawa kibla cha Ghazna, mji ulioko Afghanistan ya leo. Al-Khwarizmi, kitabu chake cha aljebra cha karne ya 9 kule Baghdad, sehemu yake kubwa ni hesabu za wasia na mirathi. Ibn al-Shatir alikuwa mtunza nyakati za swala wa Msikiti wa Umawiyya Damascus, na mwaka 1371 akawatengenezea saa ya jua ya kwenye mnara. Hakuna hata mmoja aliyesubiri Mzungu agundue ndo aseme sisi tulikuwa nayo.

Kwenu sasa. Mzee msimwaibishe, lakini mashariki sio. Makka iko kaskazini yetu, kwa Mwanza na visiwa vyake kibla ni kaskazini ikiinama kidogo mashariki, kama nyuzi 15 hivi. Simu zinatofautiana kwa sababu dira yake inavutwa na chuma, na nyie mmesimama ndani ya mabati, pembeni injini za mitumbwi.

Achaneni na simu. Mara mbili kwa mwaka jua linapita juu ya Kaaba kabisa, kwenye tarehe 27 au 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6 na dakika 27 mchana, na saa za Makka na zetu ni zilezile. Simikeni mti wa mita moja ulionyooka, kwenye uwanja tambarare, upimwe kwa kamba yenye jiwe usilale upande. Dakika hiyo ikifika kivuli kitaangukia kusini, urefu wake chini kidogo ya nusu mita. Chora mstari kutoka ncha ya kivuli kurudi kwenye mti, huko mstari unakoelekea ndo kibla. Mzee mpeni yeye ashike kamba. Mei kukiwa na mawingu, rudieni Julai, kiangazi mbingu huwa safi.