Mitaa ya kupigia picha Paris

Dada, kwa siku mbili ulizosema utakuwa Paris, mimi ningeanza na Montmartre, tena alfajiri. Shuka metro kituo cha Lamarck-Caulaincourt, laini ya 12, kisha panda hadi Rue de l'Abreuvoir. Ni njia ya mawe inayopinda, kuna nyumba ya waridi pale kona, na ukitazama juu unaona kuba jeupe la kanisa la Sacré-Cœur. Saa moja asubuhi unakutana na wafagiaji tu. Ikifika saa nne hupati hata pa kusimama.

Mnara wa Eiffel upige ukiwa daraja la Bir-Hakeim. Nguzo zake za chuma zinakupa fremu nzuri, na treni za laini ya 6 zinapita juu yako. Picha ya usiku ya kuweka kwenye simu haina shida, ila ya biashara inahitaji kibali, kwa sababu zile taa zina hakimiliki.

Rue Crémieux, ile ya nyumba za rangirangi karibu na stesheni ya treni ya Gare de Lyon, usikae sana. Wakazi wamechoka na watu wanaojipanga milangoni kwao, na mwaka 2019 waliomba iwekwe mageti. Halafu vaa raba, mawe yale hayapendi visigino!