Mishale yangu ilikuwa inakwenda kushoto

Kwa miaka miwili mishale yangu ilikwenda kushoto. Ingekuwa yote, ningesogea kulia kidogo na mambo yakaisha. Lakini mitatu iliingia pale nilipotaka, wa nne ukatua shubiri moja pembeni, wa tano ukapitiliza na kuzama kwenye magimbi ya jirani. Nikalaumu manyoya. Nikalaumu upepo unaoshuka jioni kutoka mlima Wanale, ulio juu ya mji wetu wa Mbale, Uganda. Nikanunua mawano (vijiti vya mishale) mapya ya mianzi, nikapoteza nayo mawili siku ileile.

Walioishi Mbale zamani watamkumbuka mlinzi wa usiku wa dukani: koti kubwa la jeshi, tochi, na upinde umeegemezwa ukutani. Mzee mmoja wa aina hiyo, sasa amestaafu, alipita nyumbani akanikuta nikipiga. Hakuangalia mishale ilipoangukia. Aliniangalia mkono. Baada ya mshale wa sita akasema: "Mwanangu, wewe unafungua vidole. Nani alikuambia uvifungue?"

Niliona ni swali la ajabu. Usipofungua vidole, mshale utaondokaje?

Jibu lake nililielewa baada ya wiki kadhaa, na ndilo lililonifanya niandike haya. Ukiviamuru vidole vifunguke, havifunguki pamoja. Kimoja kinawahi, kingine kinachelewa, na mkono mzima unaruka nje kuliacha shavu. Upote, yaani kamba ya upinde, nao unasukumwa pembeni kabla haujaanza safari. Mshale unakaa kwenye upote kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, na chochote upote unachofanya katika muda huo mshale unakibeba hadi mwisho. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia kama mimi, kosa hilo lilipeleka mshale kushoto.

Mzee akaniambia nikalete maji. Nilidhani ana kiu. Akanionyesha jerikeni mkononi mwangu: vidole vitatu vimekuwa ndoano, lakini kiganja kimelala na kifundo cha mkono kimelegea kama kamba. Hakuna anayekunja ngumi ili abebe jerikeni. Upote ushikwe vivyo hivyo, ukae kwenye mkunjo wa kwanza wa vidole. Ukining'inia nchani unavilazimisha vidole vikakamae, na kidole kilichokakamaa hakitoi upote kwa ulaini. Mkono ukiwa ndoano, kazi ya kuachia ni kuacha kuwa ndoano tu. Upote wenyewe unavisukuma vidole na kupita.

Jerikeni hilo lilinifunza na jambo lingine. Upinde wangu ni wa mti wa mkole. Niliupima kwa mizani ya kuning'iniza ya mnunuzi wa kahawa, nikiuvuta inchi 28, ukasoma kilo 23. Jerikeni la lita 20 likijaa halifiki hapo. Nilikuwa ninaning'iniza zaidi ya jerikeni zima kwenye vidole vitatu, halafu nashangaa kwa nini vinatetemeka na kukimbia. Fahari ya kiume ilinigharimu miaka miwili. Nikatafuta upinde wa kilo 13, vijana wa mtaani wakacheka, nami nikaanza upya. Ukitaka ushauri mmoja tu kutoka kwangu, chukua huo. Upinde usioweza kuushikilia umevutwa huku ukihesabu polepole hadi tano bila kutikisika si wa kujifunzia.

Vidole vikishalegea, anayevuta ni nani? Mgongo. Hapa maneno ya vitabuni hayakunisaidia, ila safari za teksi zetu, yale magari madogo ya abiria ya kubanana, zilinisaidia. Fikiria umebanwa kwenye kiti na jamaa wa nyuma anakuegemea, nawe unamsukuma kwa kiwiko, taratibu, bila kugeuka. Mfupa wa bega unasogea kuelekea uti wa mgongo. Msukumo huo ndio unaomalizia kuvuta, na usisimame hata ukishafika pale unapotia mkono kituo, yaani sehemu ya uso unapoutuliza kabla ya kuachia. Mimi natia kidole cha kati kwenye pembe ya mdomo, kila mshale. Wengine hutia kidole cha shahada. Chagua kimoja usibadilishe.

Kiwiko kikizidi kwenda nyuma wakati upote unatoka, mkono wenyewe utateleza kwenye taya na kuishia karibu na shingo, chini ya sikio. Nilipolijua hilo nikafanya ujinga: nikaanza kuupeleka mkono nyuma kwa makusudi ili nionekane mzuri. Mwanangu akanirekodi kwa simu, ile video ya mwendo wa polepole. Mshale ulikuwa umeshaondoka vibaya, ndipo mkono wangu unaigiza. Mkono kuishia shingoni ni ushahidi wa yaliyotangulia, hautibu kitu.

Shabaha yangu ya mazoezi ilikuwa mgomba. Huku kwetu hilo halina gharama: mgomba ukishatoa mkungu lazima ukatwe, kwa nini usichomwe mishale kwanza? Ni laini, na kutoka hatua kumi mshale unabaki katika mwelekeo ulioingia nao, kwa hiyo mkia ukiegemea upande unajua uliruka umepinda. Ukiwa karibu zaidi usiuamini, kwa sababu wano linakuwa bado linapindapinda baada ya kuuzunguka upinde. Na futa mishale mapema. Utomvu wa mgomba ukikauka kwenye shati hautoki tena, na mama watoto ana mashati matatu ya kunionyesha. Sasa natumia gunia lililoshindiliwa matambara na mifuko ya plastiki.

Miezi miwili nilisimama hatua tatu kutoka kwenye mgomba, nikafumba macho, nikapiga mishale 30 kwa siku bila kulenga chochote. Inachosha akili kuliko mwili. Lakini macho yakifumbwa unausikia mgongo, unasikia kidole kilichochelewa, na unagundua mkono wa upinde unaubana mpini kana kwamba utaibiwa. (Usiubane. Ukae kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, vidole vingine vilale.) Bega likianza kutetemeka, acha, hata kama ni mshale wa kumi na mbili. Ukiendelea umechoka, unaufundisha mwili kosa.

Nilipofumbua macho na kurudi hatua kumi na tano, ugonjwa ukarudi! Ncha ya mshale ikigusa tu lile doa nililochora, vidole vinafunguka vyenyewe, kabla sijaamua. Wapiga mishale wengi wanaifahamu hofu hii, na haina uhusiano na nguvu. Iliyonisaidia ni hii: katika kila mishale kumi, mitatu nilivuta, nikalenga, nikahesabu, kisha nikaurudisha upote taratibu bila kupiga. Vidole vikajifunza kwamba kuliona doa si ruhusa ya kuondoka. Ila usije ukauachia upote mtupu. Nguvu isiyo na mshale wa kuibeba inarudi kwenye upinde, na nimeuona upinde mzuri ukipasuka hivyo.

Kabla hujalaumu vidole vyako, hakikisha pia mawano yanaufaa upinde wako. Kwa anayevuta kwa kulia, wano gumu mno huelekea kushoto na laini mno huelekea kulia, hata ukiachia vizuri. Tofauti ni kwamba kosa la wano hujirudia kila mshale. La vidole huja na kupotea.

Mengine mnayajua. Nyuma ya shabaha pawe na kingo ya udongo, si njia ya boda boda. Na hapa Uganda usiende kuwinda nayo bila kibali, sheria ya wanyamapori ya 2019 iko wazi.

Jana jioni nilipiga minane kwa upinde wa kilo 17, nikairidhia yote. Wa tisa ukaenda kushoto. Nikavua upote, nikaenda kuutafuta kwenye magimbi.