Kronomita ya meli haitembei, na jina lililo usoni si lazima liwe la fundi

Mkuu, umesema umerithi kronomita (saa sahihi ya meli, ya kutafutia longitudo) ya siku mbili, yaani inayotembea siku mbili kwa ufunguo mmoja, yenye jina la muuzaji wa Liverpool, umeitia ufunguo na bado imelala, na unataka kujua nani aliiunda.

Kwanza, saa hii haijianzishi hata ikijaa ufunguo. Kizuizi chake, springi nyembamba mno inayoachia gurudumu jino mojamoja, hufanya kazi pale tu mizani (gurudumu linaloyumba huku na huku na kuongoza mwendo) inapokuwa tayari inazunguka. Funga pete zinazoning'iniza bakuli la shaba lenye saa ndani, shika sanduku likiwa sawasawa, kisha lizungushe upesi kama robo duara, mara moja. Ikiamka, mshale wa sekunde utaruka nusu sekunde kila hatua.

Ikikataa, usirudierudie. Huenda wasafirishaji waliibana mizani kwa vipande viwili vya koki, na wengi husahau kuvitoa. Fungua ukingo wa kioo kuelekea kushoto, weka kiganja karibu na uso, pindua bakuli polepole, mashine iteremke kiganjani. Koki zikiwapo, zitoe bila kugusa springi ya mizani. Zisipokuwapo, kuna uwezekano mkubwa mafuta yamekauka, na hapo ni kazi ya fundi. Wewe umeshaijaza, kwa hiyo mwambie mapema: akiing'oa mizani kabla ya kulegeza springi kuu, magurudumu yatakimbia na meno membamba yataharibika. Fundi wa saa za mkononi anaweza pia kutia mafuta kwenye meno ya gurudumu la kizuizi. Hapo hapatiwi mafuta kabisa. Yakiganda, mwendo wa saa unabadilika.

Ikishatengenezwa, itie ufunguo kila siku saa ileile. Geuza bakuli uso chini, sogeza kifuniko cha vumbi, zungusha ufunguo kuelekea kushoto, nusu mzunguko kila mara, mara saba na nusu, ukimalizia taratibu. Lirudishe bakuli kwa mkono, lisijipindue lenyewe. Mishale usiirudishe nyuma kamwe. Na uso wenye rangi ya fedha usiusugue kwa dawa ya shaba, maana maandishi yataondoka pamoja na uchafu (minada imejaa nyuso za namna hiyo).

Sasa jina. Mashine ghafi (za ndani ya saa, zisizokamilishwa) nyingi za Kiingereza za karne ya 19 zilitoka Prescot, Lancashire, zikamaliziwa London, hasa Clerkenwell, kisha muuzaji wa bandarini akaandikisha jina lake. Mwambie fundi aangalie chini ya uso: herufi J.P. ni alama ya Joseph Preston wa Prescot, aliyetengeneza mashine ghafi tu. Mmaliziaji anaweza kuwa Victor Kullberg, Msweden aliyefanya kazi London, au Thomas Mercer, aliyeanza mwaka 1858 na kuhamia St Albans 1874. Wote wawili waliwauzia wengine. Namba ya mashine ina uzito kuliko jina. Kronomita ya kampuni ya Hamilton ya Lancaster, Pennsylvania, Marekani, ya miaka ya 1940 ni tofauti: jina lililo usoni ndiye mtengenezaji.

Usihangaike ikipoteza sekunde 2 kwa siku, mradi ipoteze hizohizo kila siku; nahodha huzihesabu. Ikipoteza 2 leo na 6 kesho, hizo 4 zilizozidi ni dakika moja ya longitudo, karibu maili moja ya baharini kwenye latitudo ya Mombasa.