Maneno ya Kiingereza yanatoroka kichwani

SWALI: Nakariri maneno magumu 30 ya Kiingereza kila siku kutoka kwenye kamusi. Wiki ikiisha sikumbuki hata matano. Nakosea wapi?

JIBU: Thelathini ni mengi mno, chukua 7. Tena usikariri neno tupu, likariri pamoja na jirani zake. Mfano “mitigate”, kupunguza makali: huandamana na “risk” au “damage”, bila “against”. Wanaoandika “mitigate against” (hata magazetini wamo) wamelichanganya na “militate”, yaani kuwa kikwazo. Hilo ndilo linalotaka “against”.

Kwenye kadi ya kila neno andika sentensi uliyoitunga mwenyewe, uache pengo mahali pa neno hilo. Neno likae nyuma ya kadi. Jipime kesho, siku ya 3, ya 7 na ya 21. Ukikosa, kadi inaanza upya.