Gunia la sukuma: shida huanzia katikati

Gunia la sukuma, yaani gunia la udongo lililopandwa sukuma wiki kwenye matundu ya ubavuni, likinyauka, wa kwanza kulaumiwa ni aliyeuza miche. Mara nyingi anasingiziwa. Kosa liko ndani ya gunia: ama nguzo ya mawe ya katikati, inayopitisha maji, ilijengwa vibaya, ama samadi haikuwa imeiva. Mengine yanarekebishika gunia likiwa limesimama. Hayo mawili yanakulazimu ulimwage lote uanze upya.

Chagua mahali kwanza. Gunia la kilo 90 la mahindi, likishajazwa udongo na kunyweshwa maji, lina uzito unaopita kilo 100 na halisogezwi tena. Kwenye balkoni ya ghorofa, achana nalo. Tumia ndoo zilizotobolewa chini na uziwekee beseni, kabla jirani wa chini hajapanda ngazi kukuuliza maji machafu yanatoka wapi. Kama una uwanja, gunia likae mahali panapopata jua kwa muda usiopungua saa 6. Nairobi iko kusini kidogo mwa ikweta, kwa hivyo Juni na Julai jua huegemea kaskazini, na upande wa kusini wa gunia hubaki kivulini. Upande huo panda spinachi, maana huvumilia kivuli kuliko sukuma.

Ukiwa na udongo mwekundu, kama ule wa mtaa wa Dagoretti, Nairobi, changanya karai 3 za udongo, 2 za samadi na 1 ya mchanga wa mto. Udongo mweusi wa mitaa ya Embakasi na Utawala hunata ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa hivyo weka karai 2 za kila kimoja. Usichote udongo kando ya gereji wala kwenye jaa la takataka. Mboga hizo utazila.

Samadi mbichi huchoma mizizi. Mche hukaa siku tatu nne ukiwa mzuri, halafu kingo za majani zinakuwa kahawia kana kwamba zimepitishwa motoni, na hapo watu huongeza maji wakidhani ni kiu. Ipime kabla ya kuinunua: tumbukiza mkono katikati ya rundo. Ukihisi joto, au ikikuwasha pua, bado. Iliyoiva ni nyeusi, inamumunyika vidoleni na inanuka kama udongo baada ya mvua. Samadi ya kuku ni kali zaidi. Iache miezi 3, kisha utumie nusu ya kipimo.

Sasa nguzo. Kunja mdomo wa gunia mpaka chini, utandaze mawe ya kimo cha sentimita 10 kwenye kitako. Chukua kasuku (mkebe wa mafuta ya kupikia) ya kilo 2 iliyokatwa kitako, isimamishe katikati, ijaze kokoto. Zungushia udongo mpaka ufike ukingo wa kasuku, kisha vuta kasuku juu polepole huku kokoto zikibaki. Irudishe juu ya kokoto hizo hizo, jaza tena, na uendelee hivyo huku ukikunjua gunia. Usishindilie kwa miguu. Gongagonga gunia kwa nje tu. Kokoto ziwe safi, zisizo na vumbi la kuchimbia, kwa sababu vumbi hilo likilowa hushikana na kuziba nguzo.

Nguzo mbaya hujionyesha yenyewe. Maji yakituama juu na safu za chini zikinyauka, nguzo imeziba. Yakitokea chini papo hapo huku safu za juu zikiwa na kiu, nguzo ni pana mno: maji yanapita tu bila kulowesha udongo.

Nywesha gunia lililojazwa kwa siku 4 kabla ya kupanda. Udongo utashuka kama upana wa kiganja, ongeza. Halafu toboa matundu kwa kisu, ukipishanisha safu ili mche usikae juu ya mwenzake: umbali wa sentimita 20 kila upande, safu ya kwanza sentimita 20 kutoka chini. Hapo unapata safu 4 za miche 6, yaani 24. Kuna wanaojaza 50, na wanavuna majani ya ukubwa wa kijiko.

Miche iwe na majani 4 hadi 6. Panda jioni, mizizi ikielekea ndani na chini kidogo, na shingo ya mche ibaki usawa wa tundu. Juu ya gunia weka vitunguu vya majani au dhania.

Wakati wa kiangazi, nusu ya jerikeni ya lita 20 kila baada ya siku mbili inatosha. Mimina polepole, sehemu kwenye nguzo na sehemu juu ya udongo. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole kwenye tundu la pembeni. Kama udongo unashika kidole, ngoja kesho. Maji yaliyosuuza mchele au mboga ni mazuri, ya kufulia hapana. Maji ya chumvi ya kisima huacha ukoko mweupe juu. Ukiuona, ukwangue na uache mvua ioshe gunia.

Januari na Februari, vidukari hujazana chini ya majani. Kijiko 1 cha sabuni ya maji kwa lita 1 ya maji, pulizia jioni upande wa chini wa jani, suuza asubuhi. Ukiona sisimizi wakipanda shina, chunguza majani mapema: wanafuata utamu wa vidukari na huwalinda. Jani likipata njano ya umbo la V kutoka ukingoni, na mishipa ikiwa myeusi, huo ni ugonjwa wa bakteria na sabuni haiusaidii. Ng'oa mche wote, na usiutupe kwenye mboji.

Anza kuvuna wiki ya 5 au 6. Vunja majani ya chini kwa kuyasukuma chini, uache 5 juu, mara moja kwa wiki. Kila unapomaliza wiki mbili, lisha gunia lita 3 za maji ya samadi yaliyochujwa na kuzimuliwa mpaka yawe na rangi ya chai ya rangi.

Mashina yakirefuka na majani kuwa membamba, ng'oa yote. Udongo huo, ukiongezwa karai 1 ya samadi kwa kila karai 3, unafaa kunde au terere (mchicha) msimu unaofuata, si sukuma wala kabichi. Gunia lenyewe likikwaruzwa na kutoa vumbi jeupe, limeliwa na jua. Nunua jingine kabla halijapasuka likiwa limejaa.