Mzee yuko Kodiaga, faini nayo inatungoja

SWALI: Habari wakili. Mzee wangu alifungwa mwaka 1, yuko jela ya Kodiaga, na juu ya hiyo hakimu akampiga faini ya sh 40,000, asipolipa aongezewe miezi 6. Shemeji anasema hiyo miezi inaenda pamoja na ule mwaka kwa hivyo tusihangaike. Jirani naye anasema watakuja kubeba pikipiki, na pikipiki ni yangu, nilinunua na pesa ya chama! Mkononi niko na 20,000 tu. Nifanye aje?
Mama Boda, Kondele, Kisumu

JIBU: Pole sana mama. Shemeji amekosea, na hapo ndio watu wengi huumia. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 37 hairuhusu kifungo cha kukosa kulipa faini kitumikiwe sambamba na kile cha kwanza, so mzee akimaliza mwaka wake ndio anaanza kuhesabu hiyo 6. Hakimu naye hakuitoa hewani, kifungu cha 28 kinasema faini ya kupita 15,000 hadi 50,000 mwisho wake ni miezi 6, ikipita hapo ni 12.

Lakini hiyo 20,000 yako si bure. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inasema mfungwa akilipa sehemu ya faini siku zinapunguzwa kwa kadiri hiyo hiyo, kwa hivyo nusu ya pesa ni nusu ya siku, inabaki kama miezi 3. Enda ofisi ya rejista ya korti iliyomhukumu ukiwa na namba ya kesi, lipa kwa njia watakayokuonyesha hapo, usitoke bila risiti, kopi yake ifike kwa afisa wa jela. Mtu akikuambia umtumie kwa simu yake "amalize mambo" huyo anataka kukula tu.

Jirani naye hajakosea sana, korti inaweza kweli kutoa waranti ya kukamata mali kwa sababu ya faini hata kama mtu yuko ndani. Ila ni mali ya mzee, si yako, na wakigusa pikipiki unaenda korti kupinga ukiwa na logbook, ile hati ya umiliki wa pikipiki, yenye jina lako. Tena akishatumikia hiyo miezi yote, waranti haitolewi hivi hivi, hakimu lazima aandike sababu maalum.

Na hiyo logbook usiiache kwa shemeji.